MJADALA: Heike na Taira ni watu wale wale? Vitabu vya Kiingereza vinatuchanganya

Mleta mada

Wakuu, salaam. Historia ya Japani kwa Kiswahili ni haba, kwa hiyo wengi wetu tunaisoma kwa Kiingereza. Huko kuna jambo linanikera. Ukoo uliopigana na ukoo wa Minamoto kuanzia 1180 hadi 1185, ukurasa huu unaitwa Taira, ukurasa wa pili Heike, mbele kidogo Heishi, kana kwamba ni lakabu za kubadilishana tu. Nasema waandishi hao wangeachana na mtindo huo.

Tuanzie kwenye asili. Taira ni jina ambalo wafalme waliwapa wajukuu na vitukuu wa kifalme walipowatoa kwenye nyumba ya ufalme wakajitegemee. Tawi lenye sifa kuliko yote ni kizazi cha Mfalme Kanmu, yule aliyehamishia makao Heian, yaani Kyoto ya leo, mwaka 794. Herufi ya Taira ndiyo ile ile inayofungua neno Heian, na maana yake ni tambarare, shwari. Kwa Kijapani chenyewe husomwa "taira", na kwa matamshi yaliyotoka China husomwa "hei". Tia "shi" upate ukoo, tia "ke" upate nyumba. Heishi basi ni ukoo mzima. Heike kwa kawaida ni nyumba moja ndani yake: ya Taira no Kiyomori, watu wenye chimbuko la jimbo la Ise, waliokuja kuishika Kyoto mkononi.

Sasa ukiandika "Taira walishindwa na Minamoto" umempoteza msomaji. Minamoto no Yoritomo alipoinua bendera Izu mwaka 1180, nani walisimama naye? Hojo Tokimasa, baba mkwe wake, ambaye jamaa zake walijihesabu kizazi cha Taira. Ukoo wa Miura, vivyo hivyo. Ukoo wa Chiba, vivyo hivyo. Yoritomo akafa 1199, na madaraka ya Kamakura, makao ya serikali yake, yakaishia kwa hao hao Hojo hadi 1333. Niambieni, ni Taira gani walioshindwa?

Mchangiaji wa 2

Mkuu, unawaonea bure waandishi wa Kiingereza. Wajapani wenyewe wanaviita vita hivyo Genpei: "Gen" ni Minamoto, "pei" ni hiyo hei yako. Jina zima la vita limegawa watu ukoo kwa ukoo, halikuuliza Hojo alikuwa upande gani. Na simulizi kubwa la vita hivyo limebeba jina la Heike, likatafsiriwa Kiingereza na Heike yake kwenye jalada. Hata kaa wa baharini kule Dan-no-ura, palipopiganwa pambano la mwisho la baharini, wale wenye gamba lililokunjamana kama uso wa mtu aliyekasirika, Kiingereza kinawaita kaa wa Heike. Jina likishaingia mpaka kwa kaa, utalitoa wapi?

Mleta mada

Kaa wananiunga mkono, mkuu. Wanasemekana kubeba roho za waliozama pale mwaka 1185. Waliozama ni akina nani? Ni nyumba ya Kiyomori na watu wake, pamoja na Mfalme Antoku, mtoto mdogo, mjukuu wa Kiyomori, ambaye simulizi linasema bibi yake Tokiko alijitosa naye majini. Hao ndio Heike hasa. Jina limekaa mahali pake.

Mchangiaji wa 3

Naomba kuchokoza kidogo. Mnamjua Taira no Tokitada? Ndiye anayenukuliwa kwa lile neno la jeuri, kwamba asiye Heike si mtu. Ndani ya simulizi lenyewe hakutamka Heike, alisema asiye wa "ukoo huu". Jina wameliingiza watu baadaye. Lakini utamu uko hapa: Tokitada hakuwa wa tawi la Kiyomori. Alitoka Taira wa barazani, makarani wa mfalme, na aliingia kwenye neema kwa sababu Tokiko, mke wa Kiyomori, alikuwa dada yake. Kwa hiyo hata hiyo "nyumba moja" ya mleta mada ina shemeji ndani. Mimi naiita kambi. Nasaba peke yake haitoshi kuieleza.

Mchangiaji wa 4

Kambi, nakubali. Ila mnaacha kosa kubwa zaidi: Genji. Neno hilo ni sawa na Heishi, ila kwa upande wa pili: maana yake ukoo wa Minamoto, basi. Msomaji wa Kiingereza anakutana nalo kwenye riwaya ya kale ya Murasaki Shikibu kuhusu mhusika aitwaye Genji, anadhani ni jina alilopewa mtoto na mama yake. Kumbe ni mwana wa mfalme aliyepewa jina la ukoo na kutolewa kwenye ufalme, na kisa chote kimeegemea hapo.

Halafu ile "no" isiguswe. Ni "wa" yetu iliyogeuzwa: Taira no Kiyomori ni Kiyomori wa Taira. Inafuata jina la ukoo lililotolewa na mfalme. Hojo ni jina la nyumba, ndiyo maana mke wa Yoritomo twamwita Hojo Masako bila "no". Anayeandika "Kiyomori Taira" kwa mpangilio wa Kizungu amefuta tofauti hiyo yote.

Mchangiaji wa 2

Haya, Oda Nobunaga, yule mbabe wa vita wa karne ya 16, naye alijiandika Taira no Nobunaga. Tumweke kwenye Taira?

Mleta mada

Abaki Oda. Oda ndiyo nyumba yake. Taira ni nasaba aliyoidai. Na kabla ya hapo alishawahi kujiandika Fujiwara, ukoo mwingine kabisa.