MREJESHO: Boti imefika Musoma salama

Wakuu, niliomba ushauri wa vituo vya kulala nikiitoa Mwanza boti ya mbao niliyonunua, kuipeleka Musoma. Imefika, nawashukuru sana.

Tulilala Nansio kisiwani Ukerewe, kisha kisiwa cha Irugwa. Aliyenikataza kuimaliza safari kwa mkupuo mmoja, Mungu ambariki. Tuliondoka alfajiri ili jua likiwa kali tuwe tumeshatia nanga, maana upepo wa alasiri unalivuruga Ziwa Victoria vibaya. Pale Irugwa mawimbi yalipasukia miambani hadi wavuvi wenyewe wakaahirisha kutoka.

Mlango wa Rugezi, kati ya Ukerewe na Kisorya, unataka subira. Magugumaji yalijisokota kwenye pangaboi. Tulizima mashine, tukaiinua, tukayakata kwa kisu uzi kwa uzi. Vivuko navyo vinapita hapo, vipisheni mapema.

Mafuta jazeni madumu Nansio, na yachujeni kwa kitambaa kabla ya kumimina.

Majita tuliipita mbali na ufuko kwa sababu ya nyavu. Sasa nashughulikia kubadilisha umiliki na ukaguzi wa TASAC (Shirika la Wakala wa Meli Tanzania), na fundi anakalafati, yaani anaziba, maungio mawili yanayovujisha maji ubavuni.