Bagamoyo Jumamosi hii na mama, kusi si itatukimbiza?

BintiTemeke
Habari zenu wakuu. Jumamosi nataka kumpeleka mama Bagamoyo, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua na hii baridi ya Julai ndo kabisaa, ila toka mzee wetu afariki hajatoka hata kidogo na juzi katamka mwenyewe anatamani akae karibu na bahari ale samaki katoka kuvuliwa. Sasa jirani kanivunja moyo eti kusi, huu upepo wa kutoka kusini, ikivuma wavuvi hawatoki, soko tupu. Ni kweli? Hatuna gari.

MchuuziPwani
Dada mpeleke mama. Mimi nanunua samaki pale karibu kila wiki. Kusi kweli inapunguza samaki, bahari ikichafuka vile vingalawa vidogo havitoki na bei inapanda, lakini soko tupu hapana. Cha muhimu muwahi, asubuhi bahari inakuwa imetulia kidogo, upepo unakaza kuanzia mchana. Halafu angalia mwezi, kama ni bamvua, zile siku za mwezi mpevu au mwandamo maji yanapojaa na kutoka sana, maji yanakupwa kwenye saa nne hivi, bahari inaenda mbalii, vyombo vinabaki vimelalia mchanga na wachukuzi wanakuja na matenga kichwani, mama hata akikaa tu kuangalia ataburudika. Mnadani usiingie, mule ni mafungu makubwa na madalali wanaenda haraka, nunua kwa wachuuzi pembeni, changu au kibua, mpe mtu akuparie, wakaangaji wapo hapo hapo. Jicho liwe limetuna linang'aa na mashavu mekundu, jicho likishazama hata ushushiwe bei vipi achana naye. Dagaa usiwategemee kama mwezi mpevu, wale wanavuliwa kwa taa usiku wa giza.

Coaster_ya_Kwanza
Gari mnapata stendi ya Makumbusho hapa Dar, ni kama kilomita 70, ombeni siti za mbele mama anyooshe miguu. Stendi ya Bagamoyo chukueni bajaji, bodaboda hapana kwa magoti hayo. Mkishakula mpeleke misheni ya Wakatoliki, ilianza 1868, unaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande mbili, pametulia. Pale kuna mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, Februari 1874, watumishi wake kina Susi na Chuma na wenzao waliubeba toka huko ambako leo ni Zambia, miezi tisa wanatembea. Mimi nikifika pale nawawaza wale wabebaji kuliko huyo waliyembeba.

Mjukuu_wa_Pwani
Na Kaole je? Msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya wazee, mtu anakwenda Bagamoyo anaruka Kaole kweli? Januari jua linakuchoma pale, Julai ndo wakati wake.

Coaster_ya_Kwanza
Kaole sijaikataa mkuu, ila ni kama kilomita 5 toka mjini na ndani mnatembea kwenye mawe. Mama aamue mwenyewe akiamka vizuri.

BintiTemeke
Mungu awabariki, nimemsomea yote. Kaole kasema lazima afike hata kwa kumshika mkono, anataka kuwaombea dua wale wazee. Leo ndo kwanza Jumatano na kanga na sweta kashaziweka juu ya kiti. Anauliza kamba je?

MchuuziPwani
Kamba muwahi zaidi, wanunuzi wa mahotelini wanawakomba mapema. Mkifika saa mbili mnawapata. Msalimie sana mama.