Skana mpya ya redio, dhamana ipo, ila foleni ya matengenezo haisogei. Nimpe fundi?

Nahodha_DeepSea:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Deep Sea, kwenye biashara ya samaki. Skana naiweka ofisini nisikilize chaneli 16 ya baharini (156.8 MHz) boti zikiwa nje. Niliagiza mpya, haijamaliza hata kusi moja imeanza kukatakata. Ukigusa antena sauti inarudi, ukiachia inapotea. Muuzaji anasema niirudishe kiwandani, ila huko zimerundikana na vipuri havijafika. Nauli ya kuituma tu inakaribia nusu ya bei yake! Nikiifungua stika ya dhamana inachanika. Hivi hawa watu hawapimi kabla ya kuuza?

Fundi_Ngamiani:
Pole mkuu. Wanapima, ila wanapima ikiwa imelala mezani. Inawaka? Inashika masafa? Haya, boksini. Kwa dalili zako namshuku mguu wa soketi ya antena. Ukimulika kwa lenzi utaona duara jembamba jeusi limeizunguka pini, hapo lehemu haikushika. Ikitulia inapitisha mawimbi vizuri tu, ndiyo maana ilifaulu. Sasa wewe umeifunga antena ndefu, kila ukiisogeza inanyonga soketi, ufa unafunguka.

Kuitikisa, kuipasha moto na kuipoza kungeuonyesha ufa huo mapema, lakini kunakula muda. Kwa vifaa vya bei ya raia huchukuliwa vichache kwenye shehena, vilivyobaki vinapita kwa dhamana ya wenzao.

Halafu kuna lehemu yenyewe. Zamani ilichanganywa na madini ya risasi. Ulaya ilibana matumizi yake kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006, viwanda vikahamia lehemu ya bati isiyo na risasi. Ile ya zamani ilikuwa inayeyuka kwenye nyuzi 183, hii inataka kama 217. Moto ukipungua kidogo, kiungo kinang'aa juu, chini hakijashika.

Foleni nayo usiishangae. Kwenye kuunda, mtu anafunga skrubu ileile kutwa. Kwenye kutengeneza kila redio ina ugonjwa wake, na fundi wa kuusaka analipwa zaidi, kwa hiyo wanaajiriwa wawili watatu. Chipu moja ikikosekana rundo zima linalala. Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji wa redio za mawasiliano wakahaha.

Mama_Sahare:
Fundi umenena, lakini kaka yangu yuko pwani, chumvi je? Hapa dukani naletewa redio pini zimeota ukijani. Na usichane stika bado. Mrekodie muuzaji video ukiitikisa antena, umwombe akurudishie sehemu ya pesa utengeneze hapahapa. Wengine hukubali, nauli inawauma na wao. La mwisho, skana inasikiliza tu. Boti ikiita msaada huwezi kuijibu, tafuta redio ya kutuma.

Nahodha_DeepSea:
Ahsante dada. Ya kutuma wanayo manahodha, ofisini ndiko sina. Video naituma usiku huu. Fundi, uko barabara ya ngapi?

Fundi_Ngamiani:
Ya 12. Muuzaji akikubali njoo nayo asubuhi, mchana umeme wetu haueleweki. Uje na antena yake ileile, nataka nione uzito wake. Nikishaipiga lehemu upya, antena tutaihamishia ukutani, kwenye soketi iende waya laini tu.