Tupeane uzoefu: pikapu ya zamani inapogoma kupiga stata, ubovu ulikuwa wapi?

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa wenye pikapu za miaka mingi: Hilux za injini ya 2L na 3L, Datsun, Peugeot 504, Land Rover na wenzao. Gari inayozungusha injini halafu haiwaki tuiache, hiyo ni kesi ya mafuta, hita au kompresheni ya injini. Nauliza ile ambayo ukigeuza ufunguo injini haijigusi kabisa.

Naanza. Hilux yangu ya dizeli, mbeba mbao, asubuhi moja ikatoa "tak" moja, basi. Kila aliyepita akasema betri. Nikabisha, maana taa za mbele ziling'aa na ule mlio haukuzififisha hata kidogo, na betri iliyochoka hufifisha taa ukipiga stata. Mita ikaonyesha volti 12.6 gari ikiwa imepumzika, na 12.4 nikiwa nimeshikilia ufunguo. Stata ikizungusha injini ya dizeli volti hushuka zaidi ya hapo, kwa hiyo moto (umeme) ulikuwa hauvutwi.

Tukatoa waya wa hasi wa betri (usiruke hatua hii, waya mnene wa stata una moto muda wote), tukashusha stata, tukafungua kifuniko cha solenoidi (ile swichi ya umeme iliyo kwenye stata), vibolti vitatu tu. Mle ndani kuna vishaba viwili ambavyo sahani ya shaba huja kuvigonga ili viungane. Kimoja kilikuwa kimeliwa hadi sahani haikifikii. Tukaweka vipya, gari ikanguruma. Ukiambiwa stata imekufa ununue nzima, omba kwanza hicho kifuniko kifunguliwe.

Mdau wa Makambako: Yangu ilikuwa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima kuwe na waya wa kuiunganisha na chesisi. Gia boksi ilishushwa, iliporudishwa ule waya ukasahauliwa. Ukipiga stata inajikokota kidogo, kisha kimya. Tuliposhtuka, kebo ya akseleta ilikuwa inafuka moshi! Umeme ulikosa njia ya kurudi, ukapita humo. Kipimo chake ni bure: chukua waya wa kuboosti, upande mmoja hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikizunguka, umepata jibu.

Mdau wa Nyeri: Peugeot 504 yangu ya kubeba kabichi ilikuwa inafanya "trrrrr" kama cherehani. Huo mlio ni solenoidi inashika na kuachia kwa sababu moto hautoshi. Betri nilikuwa nimenunua juzijuzi tu, kwa hivyo nilijua si yenyewe. Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya risasi ya betri yenyewe na nyingine kwenye kichwa cha waya kilichoishika, akaniambia nipige stata. Mita ikasoma zaidi ya volti 2. Hapo inafaa isome karibu na sifuri. Kumbe uchafu ulizuia moto: maji moto, msasa, kaza. Kwisha.

Mdau wa Kibaha: Kama ni otomatiki, jaribu kwenye N kabla hujaita mtu. Swichi ya gia ikichoka, P haitambuliki.

Mdau wa Ifakara: Mimi nitasema la kuogopesha. Land Rover ya dizeli ilivuka maji ya mafuriko ikazima katikati. Tukaivuta nje, stata ikapiga "tak" na kukwama. Vijana wakataka tuisukume na gia. Mzee mmoja fundi akakataa katakata. Akaweka spana kwenye bolti ya puli ya krenki, haikugeuka. Akafungua nozeli zote za mafuta, akazungusha kwa mkono, maji yakaruka kama bomba. Maji hayabonyei, tungesukuma tungepinda koneksheni rodi. Tangu hapo, kama gari imepita majini, spana kwanza, ufunguo baadaye.

Mdau wa Tabata: Mbona hamsemi kugonga stata na nyundo? Yangu ndivyo inavyowaka.

Mdau wa Makambako: Inawaka kwa sababu kaboni (zile brashi za ndani zinazopeleka moto kwenye mota ya stata) zimeisha na ukigonga zinagusa kidogo. Ni ya kukufikisha gereji. Na wale wa kushtua stata na bisibisi, hakikisheni gari iko free na hendibreki imevutwa. Gari yenye gia ikishtuliwa inaondoka na aliye mbele yake.

Mdau wa Singida: Hilux yangu asubuhi inapiga stata safi. Nikitoka safari ndefu nikazima, ni "tak", nisubiri nusu saa ndiyo ikubali. Vishaba nimeshabadilisha.

Mwanzisha uzi: Pima ule waya mdogo unaotoka kwenye ufunguo kwenda solenoidi, injini ikiwa bado moto, mwenzako akishikilia ufunguo. Ukikuta volti 8 au 9 wakati betri ina 12, swichi ya ufunguo na waya vimezeeka. Wengi hapa hufunga rilei: waya wa ufunguo unaamsha rilei tu, moto wa solenoidi unatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi. Ukikuta 12 kamili na bado ni "tak", rudi kwenye stata yenyewe, tazama kaboni na bushi. Tuletee vipimo.