Mjadala: Watoto wasomeshwe kwamba adui naye ni mtu?

Maalim wa Wete
Assalaam alaykum. Nasomesha darasa la tano, na jambo hili limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita.

Niliwahadithia watoto Krismasi ya 1914, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wajerumani na Waingereza wamo mahandakini, Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa, karibu hata kusikiana sauti. Usiku Wajerumani wakawasha mishumaa, wakaimba. Waingereza wakajibu kwa nyimbo zao. Kulipokucha wakatoka, wakapeana mikono, sigara, hata vifungo vya makoti, wakazika maiti zao zilizolala kati yao. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Maalim, aliyetoka mwanzo alijuaje kama hatopigwa?" Nikamwambia hakujua. Darasa zima likanyamaza.

Jioni mzazi akanipigia, kwa adabu lakini kwa uchungu: mtoto akisomeshwa kumhurumia adui, siku adui akija atamkabili vipi? Mimi naona wa kuogopwa ni yule aliyekua bila kujua kuwa upande wa pili nako kuna watoto, kisha akapewa bunduki. Semeni.

Msomaji wa Mkoani
Niko na mzazi. Waliokwenda Kagera 1978 hawakwenda na mishumaa. Majeshi ya Amin yalikuwa yameshavamia, watu wameuawa, ng'ombe wameporwa. Mtoto ajue kwanza nani mvamizi.

Bibi wa Mji Mkongwe
Ajue, mwanangu, nani kakataa? Sayyidna Abubakar alipopeleka jeshi Sham aliliusia lisiue mwanamke, mtoto wala mzee, lisikate mti wa matunda. Jeshi lile lilikuwa linakwenda kupigana, na adui linamjua. Sisi tumesomeshwa wasia huo chuoni tungali wadogo, na sikumsikia mzazi hata mmoja akisema tutalegea.

Kijana wa Ng'ambo
Maalim, shikamoo. Langu ni jengine. Wale walipeana sigara kwa sababu Krismasi yao ilikuwa moja. Vita hivyo hivyo vilifika hapa: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja ikazama. Mabaharia wakazikwa kisiwani Chapwani, makaburi yao yapo hadi leo. Je, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita bara, wakafa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi? Wengi hawana hata kaburi la kuonyeshwa. Dar es Salaam limebaki jina la Kariakoo, lililotokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Nani aliwawashia hao mshumaa?

Maalim wa Wete
Marahaba, mwanangu. Hapo umenishika, maana hadithi yangu ilikuwa ya askari watupu. Nitaongeza ya Castiglione, Italia, Juni 1859. Baada ya vita vya Solferino mji ulijaa majeruhi hadi makanisani, na wanawake wa pale wakawaosha vidonda na kuwanywesha maji Wafaransa na Waaustria bila kubagua, wakisema "wote ndugu". Henry Dunant, mfanyabiashara wa Kiswisi, alikuwa nao, na 1863 ikaanzishwa kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Wapagazi wetu hawakuupata mji kama ule, na hilo nalo watoto nitawaambia bila ya kulipamba.

Mzazi nimemwalika Jumatatu aje akae darasani. Kakubali. Nitampa kiti nyuma, karibu na msichana yule.