Naomba ushauri: nataka kusaidia punda wazee Lamu, nianzie wapi?

Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana hili jambo linaniumiza sana. Kwetu ni Lamu ila kazi iko Mombasa, na kila nikienda nyumbani naona punda waliozeeka au wenye vidonda vya sogi wameachiliwa tu mitaani, wanatafuna plastiki jaani halafu zinawaziba tumbo wanakufa kwa maumivu, mnyama aliyebeba mawe na saruji maisha yake yote kweli anastahili hivyo?

Najua Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza la kutunza punda, walifungua kituo pale 1987 kutibu punda bure, Mungu awabariki. Na 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, zile zinazopelekwa China kutengeneza ejiao, dawa ya kienyeji ya Kichina, hilo limenipa moyo. Lakini hata asipochinjwa bado anahitaji majani, maji safi, dawa ya minyoo na kukatwa kwato.

Sasa mshahara wangu si mkubwa, ni bora nitume hela kidogo kila mwezi kwa wanaowatunza ama ninunue nyasi na pumba nipeleke mwenyewe? Halafu jirani amekubali kunipa punda wake mzee, kiwanja cha familia kipo, ila mimi nikiwa Mombasa nani atamwangalia? Aliyewahi kutunza mnyama wa hivyo aniambie gharama za ukweli tafadhali, na daktari wa mifugo kama yupo anisaidie, punda mmoja ataishi vizuri peke yake au nimtafutie mwenzake?