Mshahara, ratiba ya zamu au kamisheni: kipi humbakiza mfanyakazi wa duka?

Mwanzisha mada
Wadau, nasimamia duka la nguo lenye makeshia, wauzaji na watu wa stoo. Wanaondoka mmoja mmoja, na waliobaki huongezewa zamu mpaka nao wanachoka. Mwenye duka ametoa fungu la kutosha jambo moja tu: kupandisha mshahara kidogo kwa wote, kuajiri mtu wa ziada ili ratiba itoke wiki mbili kabla na isiguswe, au kuweka kamisheni. Mngeanza na lipi?

Keshia Mkongwe
Ratiba. Mwenye mtoto mdogo, anayesoma jioni, mwenye kibarua cha pili, wote hawapangi lolote wakipigiwa simu usiku waje kesho asubuhi. Na yule anayefunga duka usiku kisha akatakiwa kulifungua alfajiri, huyo hata umwongeze mshahara ataondoka. Gap, kampuni ya Marekani ya maduka ya nguo, ilijaribu ratiba isiyoyumba katika maduka yake ya maeneo ya San Francisco na Chicago. Matokeo yalitolewa 2018: mauzo yalipanda kwa takriban asilimia 7, maana wazoefu walipata saa zaidi za kazi.

Mtu wa Hesabu
Mkuu, inategemea mshahara wa sasa unafika wapi. Kama hautoshi nauli na kodi ya nyumba, ratiba nzuri haimshibishi mtu. Piga hesabu ya kila anayeacha kazi: kutafuta mwingine, kumfundisha, foleni inayorefuka kwa sababu keshia mpya bado anatafuta vitufe. Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, ilipopandisha mshahara wa kuanzia hadi dola 9 kwa saa mwaka 2015, tangazo hilohilo liligusa na ratiba. Hata wao hawakuvitenganisha.

Muuzaji wa Viatu
Kamisheni mimi nimeiishi. Kwa bidhaa inayohitaji maelezo marefu inaleta ari kweli. Lakini keshia na mtu wa stoo hawapati kitu, wauzaji wanagombania wateja mlangoni, na nguo zilizokunjuliwa na wateja hakuna anayezikunja kwa sababu kukunja hakulipwi. Ukiitaka, iwe ya duka zima, igawanywe kwa wote.

Dada wa Kaunta
Mbona hakuna aliyetaja viti? Uingereza ilitunga sheria 1899 kwamba duka liwe na kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wanaohudumu humo. Tamil Nadu, India, ilitunga yake 2021. Miaka zaidi ya mia moja, na bado watu wanasimama kutwa nzima miguu ikivimba! Kiti hakigusi fungu lako hata kidogo. Kingine ni shoti, yaani hela inayopungua kwenye droo. Kaunta moja inatumiwa na watu watatu, hela ikipungua anakatwa aliyefunga. Hakuna kinachomvunja mtu moyo kama kulipia kosa lisilo lake.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Keshia Mkongwe, mtu akiugua ghafla ratiba si itavunjika?

Keshia Mkongwe
Waache wabadilishane zamu wenyewe, wewe uarifiwe tu. Ukibadilisha wewe dakika za mwisho, lipa nyongeza. Jimbo la Oregon, Marekani, limewataka waajiri wakubwa wa rejareja kutoa ratiba siku 14 kabla tangu 2020, na mwajiri akiibadilisha hufidia. Halafu chunguza mabadiliko yanatoka wapi. Kule Gap ilionekana mengi hayakuletwa na wateja. Yalitoka makao makuu: mzigo kufika siku isiyotarajiwa, ofa kubadilishwa ghafla.

Mwanzisha mada
Hilo la mzigo ni letu kabisa. Nitaanza na ratiba, na mleta mzigo atupe siku maalumu. Viti naviagiza sasa. Shoti naipeleka kwa mwenye duka: kila keshia awe na droo yake na aihesabu kabla ya kukabidhi. Mtu wa Hesabu, nisaidie kupanga gharama za wanaoondoka, nimwonyeshe ili mshahara nao uingie kwenye bajeti ijayo.

Mtu wa Hesabu
Nitumie idadi ya walioacha kazi mwaka huu na muda uliotumika kumfundisha kila mpya. Tuanzie hapo.